Filamu ya Awara na Fikira za Mapenzi kwa Vijana wa Pwani

Katika mazungumzo juu ya utamaduni wa taifa imekuwa desturi kuzitia filamu za kigeni katika kapu moja, kulifunga kapu hilo, na kuandika juu yake neno "kasumba". Hatuwalaumu sana wanaofanya hivyo. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, akiwa Rais mpya wa Jamhuri, na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wengi waliopata elimu walifundishwa nyimbo na dansi za Kizungu, na hawakufundishwa nyimbo wala ngoma za wazee wao. Sikitiko hilo lilikuwa la haki. Lakini kapu lililofungwa halisemi kilichomo ndani yake. Filamu ambayo mtu aliiona utotoni mara tano au sita haimtoki kwa sababu tu imeitwa kasumba. Hukaa naye, humfuata hadi siku ya kuposa, na pengine humfuata hadi siku ya kugombana na mkewe. Kwa hiyo hapana budi kapu lifunguliwe, na vilivyomo vitolewe kimoja kimoja vitazamwe.

Hapa twakusudia kutazama filamu moja tu. Nayo ni Awara, iliyotoka Bombay mwaka 1951. Aliyeiongoza na kuigharimia, tena akacheza sehemu kubwa ndani yake, ni Raj Kapoor, kijana aliyekuwa na umri wa miaka 27 hivi. Hadithi yake ilitungwa na Khwaja Ahmad Abbas, mwandishi aliyejulikana kwa kuwatetea wanyonge. Muziki ni wa Shankar na Jaikishan. Na sauti zinazosikika katika nyimbo zake ni za Mukesh na Lata Mangeshkar pamoja na wengine. Neno lenyewe, awara, maana yake ni mzururaji, mtu asiye na makao. Filamu hiyo ilisafiri mbali kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 1954 ilionyeshwa katika Urusi ya Kisovieti ikapendwa na mamilioni. Kwetu ilipokelewa Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ikawa inarudishwa mwaka baada ya mwaka kila wenye sinema walipotaka kujaza viti.

Sisi tulioiona Tanga tukiwa watoto twakumbuka kwamba picha za Kihindi zilikuwa na siku yake, nayo ni Jumapili. Mabango yalibandikwa mapema, watu walipanga foleni, na walanguzi wa tiketi walijua kuwa jina la Raj Kapoor pamoja na la Nargis lingewaletea faida. Wengi wetu hatukujua Kihindi. Palikuwapo kijana mmoja, mkubwa kwetu kwa miaka minne au mitano, aliyefanya kazi katika duka la Mhindi na kujifunza Kikachi cha kununulia na kuuzia. Huyo ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Kikachi si Kihindi, na hilo yeye mwenyewe alilijua, lakini hakutuambia. Alikaa katikati ya safu akinong'ona, na pale alipokosa maana alitunga. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu filamu tuliyoipenda haikutengenezwa Bombay peke yake. Sehemu yake ilitengenezwa pale pale gizani, kwa Kiswahili cha Tanga.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Jaji Raghunath ni mtu anayeamini kwamba mtoto wa mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimtia hatiani mtu aitwaye Jagga, si kwa ushahidi, bali kwa kuwa baba yake alikuwa jambazi. Jagga akatoroka, akawa jambazi kweli, akamteka Leela, mke wa jaji. Alipogundua kwamba Leela ni mjamzito, alimrudisha baada ya siku nne bila kumgusa, akijua kwamba shaka itafanya kazi ambayo kisu kisingeweza kuifanya. Na ndivyo ilivyokuwa. Jaji alimfukuza mkewe usiku wa mvua, naye akajifungua njiani. Mtoto huyo, Raj, anakua katika vibanda vya maskini wa Bombay, anafukuzwa shule, anaiba mkate kwa ajili ya mama yake, anafungwa, na kulelewa katika wizi na Jagga yule yule. Utotoni alikuwa na rafiki mmoja tu, msichana aitwaye Rita, ambaye picha yake ameitunza miaka yote. Rita naye amekua akilelewa na Jaji Raghunath na kusomea sheria. Wanakutana tena, wanapendana. Mwishowe Raj anashtakiwa kwa kutaka kumwua jaji, na Rita ndiye wakili wake. Anamsimamisha mlezi wake kizimbani na kumwuliza maswali hadi ukweli unajulikana kwamba mshtakiwa ni mwanawe.

Mkalimani wetu alipofika kwenye ile imani ya jaji hakuhangaika kutafuta maneno. Alisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Safu nzima ikaitikia kwa kichwa, maana methali hiyo tulizaliwa nayo. Hapo ndipo filamu hii ilipotushika. Hatukuwa tunatazama mabishano ya Wahindi. Tulikuwa tunatazama methali yetu wenyewe ikipandishwa kizimbani. Na pwani methali hiyo haikuwa mapambo ya lugha. Ilikuwa ndicho kipimo cha ndoa. Mposaji alipokuja, swali la kwanza halikuwa "Anafanya kazi gani?" wala "Ana tabia gani?" bali "Ni mtoto wa nani?" Wazee walitafuta kufu, yaani ulingano wa nasaba, na katika kuitafuta walifukua makaburi: nani alikuwa mwungwana, nani babu yake alikuja na jahazi gani, nani bibi yake alinunuliwa. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Unguja tangu mwaka 1897 na Tanganyika tangu mwaka 1922, lakini ulikuwa bado unakaa sebuleni siku ya posa, haukualikwa wala haukufukuzwa. Kijana aliyeketi Majestic au Regal akimwona Rita, aliyelelewa katika nyumba ya jaji, akimchagua mwana wa barabarani, hakuhitaji mkalimani. Alielewa kwamba pana watu duniani wanaothubutu kusema kuwa kufu ni mambo ya moyo na mwenendo.

Hili twalihesabu kuwa funzo jema, tena kubwa. Wanaosema filamu za Kihindi zilitupumbaza hawana budi kulijibu.

Twaweza kuulizwa: je, hapakuwa na mafunzo ya mapenzi katika desturi zetu hata tuyatafute kwa wageni? Yalikuwapo, tena ya kina. Somo au kungwi alimchukua mwari akamfundisha usafi, staha, maneno ya chumbani na namna ya kuishi na mume. Jandoni wavulana nao walipewa yao. Nyimbo za taarabu na lelemama zilijaa mafumbo ya huba. Lakini mafunzo hayo yalimpata mtu aliyekwisha kuchaguliwa au aliye karibu kuchaguliwa. Somo alimfundisha binti namna ya kukaa na mume. Hakumfundisha namna ya kumjua mtu kabla hajawa mume, kwa kuwa jambo hilo halikuwa lake binti. Lilikuwa la baba, la mjomba na la washenga. Pale ambapo desturi ilinyamaza, filamu ilisema, na kijana wa miaka 14 humsikiliza yule anayesema.

Alisikiliza kwa bidii iliyopita kiasi. Twawakumbuka wavulana waliokunja miguu ya suruali na kuinamisha kofia kama Raj anavyotembea katika wimbo wa mzururaji, mavazi ambayo Raj Kapoor mwenyewe aliyaiga kwa Charlie Chaplin. Twakumbuka namna ile picha ya Rita iliyotundikwa katika kibanda cha maskini ilivyozua homa ya picha. Msichana akiombwa picha yake alijua anaombwa nini, na akiitoa alikuwa amejifunga. Barua nazo ziliandikwa, za wino wa buluu, zikiwa na maneno mengi na habari chache, na mwalimu aliyeikamata moja hakuuliza imeandikwa vizuri au vibaya, alichukua fimbo. Nyimbo za filamu zikapata maneno ya Kiswahili, na vikundi vya taarabu vikavuna mahadhi kutoka huko, hata leo yapo mahadhi ambayo watu huyadhani ni ya Unguja tangu zamani, kumbe yalishuka bandarini pamoja na mikebe ya filamu.

Na wasichana je? Hao walichukua jambo ambalo sisi wavulana hatukulitia maanani. Walimwona mwanamke katika joho la wakili. Katika filamu nyingi za wakati ule mwanamke anayependa hulia, huimba na hungoja. Rita hulia na huimba, lakini katika saa ya hatari anasimama mbele ya mahakama na kuhoji. Si kwa machozi anamwokoa mpenzi wake, ni kwa hoja. Mwaka ule ule wa 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa fasihi anakijua, na katika kitabu hicho pia mahakama ndiyo kiini: Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafundisho ya uanasheria, naye anasimama kujitetea kwa maneno siku baada ya siku. Watungaji hawa wawili hawakujuana, bahari ilikuwa kati yao, na mmoja alitunga kwa kalamu na mwingine kwa kamera. Lakini wote wawili, chini ya nchi zilizotawaliwa au zilizotoka kutawaliwa karibuni na Waingereza, waliona kwamba mnyonge hana silaha isipokuwa mtu wa kumsemea. Tofauti ni kwamba kwa Shaaban Robert msemaji ni mwanamume, na kwa Abbas na Kapoor ni msichana. Katika Tanganyika ya wakati ule wasichana waliofika sekondari walikuwa wachache mno. Mwaka 1975 Julie Manning alipofanywa Waziri wa Sheria, walikuwapo akina mama waliosema, nusu kwa mzaha, kwamba walikwisha kumwona Majestic.

Hadi hapa tumeisifu filamu. Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Pana sehemu ambayo Raj na Rita wako ufukweni, wamekwenda kuogelea. Wanataniana. Rita, kwa utani, anamwita mtu wa mwituni, mshenzi. Raj anabadilika uso, anamshika kwa nguvu na kumpiga makofi. Rita haondoki. Badala ya kuondoka anazidi kumpenda, na baada ya hapo panafuata mbalamwezi, mashua na wimbo ambao hakuna aliyeusikia akausahau. Mtungaji alikuwa na sababu yake: neno lile lilimgusa kijana penye jeraha, maana maisha yake yote ameitwa mshenzi na watu wenye nguvu. Mtu mzima aweza kuisoma sababu hiyo. Lakini sisi tulikuwa watoto, na mtoto hasomi sababu, husoma mfuatano. Mfuatano ulikuwa: kofi, kisha machozi, kisha kumbatio, kisha wimbo. Mkalimani wetu aliutia muhuri. "Mwanamke," alinong'ona, "akipendwa sana hupigwa." Miaka mingi baadaye tuliiona filamu hiyo tena, ikiwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha, tukayatafuta maneno hayo kwa makini. Hayamo. Aliyatunga yeye, au labda aliyachukua nyumbani kwao.

Na funzo hilo halikubaki gizani sinemani. Mmoja wetu, na hatutamtaja jina kwa kuwa huenda ndiye huyu anayeandika, alimpiga kofi msichana aliyempenda, kisimani, mbele ya wenzake, kwa sababu alikuwa amemcheka. Alisimama akingoja yale yanayofuata. Msichana alimtazama kwa muda, akatua ndoo yake ili maji yasimwagike, akamwambia, "Haya, umeshapiga. Nenda kamwambie mama yako." Kisha akajitwika ndoo akaenda zake. Hakusema naye tena hadi alipoolewa Pangani. Wapo wengine waliopigwa ambao hawakupata nafasi ya kujitwika ndoo na kwenda zao, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuolewa; na waume zao walikuwa vijana wa safu yetu.

Hatudai kwamba filamu ya Awara ndiyo iliyoleta kipigo nyumbani. Kipigo kilikuwapo kabla ya umeme kufika Tanga. Ilichofanya filamu ni jambo la hila zaidi: ilikipa muziki. Ilichukua tendo ambalo wazee wetu, hata waliolitenda, walilificha au walilionea haya mbele ya wakwe, ikalifanya kuwa mlango wa kuingilia katika mbalamwezi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara, katika kifungu chake cha 66, ilitamka wazi kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mume au mke wake kwa kipigo, hata kama mila ingeruhusu. Ni kifungu kifupi na chema. Lakini kifungu cha sheria hakina wimbo, na kijana wa miaka 20 aliyetoka kuoa alikuwa ameusikia wimbo mara sita na kifungu hajakisikia hata mara moja.

Hapa hatuna budi kuwasema kidogo walezi wa utamaduni wa wakati ule. Operesheni Vijana ilipoanza Dar es Salaam mwezi Januari 1969, nguo fupi, suruali za kubana na nywele za bandia zilisakwa mitaani. Palikuwa na makala magazetini, barua za wasomaji, mikutano. Walitazama kwa makini sana inchi ngapi za goti zinaonekana. Hatukumsikia mtu aliyelalamikia kofi. Katika Awara, Rita anaonekana katika vazi la kuogelea, na tulisikia watu wazima wakinung'unika juu ya vazi hilo walipokuwa wanatoka nje. Kofi lenyewe, lililokuwa hatua chache tu kutoka kwenye vazi, lilipita salama kama abiria mwenye cheti.

Mama zetu waliitazama filamu nyingine kabisa, ingawa ilikuwa mikebe ile ile. Palikuwa na maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, na huko walikwenda na mabuibui yao, na watoto wachanga, na karanga. Waliporudi hawakumzungumza Rita. Walimzungumza Leela. Mke aliyefukuzwa kwa shaka, aliyejifungua chini ya mvua, ambaye mume wake hakumwuliza hata swali moja! Wahindi katika sinema ile walimtambua mara moja: ni Sita wa Ramayana, aliyerudi kutoka kwa mtekaji akiwa safi na bado akafukuzwa na Rama. Mama zetu hawakuijua Ramayana. Hawakuihitaji. Walizijua nyumba ambamo talaka ilitolewa kwa neno la wifi. Nasi tuliokuwa tunaota mashua na mbalamwezi tuliyasikia mazungumzo hayo uani tukayaona ni ya wazee, hayatuhusu. Kumbe wao ndio walioielewa filamu vizuri kuliko sisi, kwa maana walitazama mapenzi yanavyokuwa baada ya wimbo kwisha. Kila anayemsifu Rita na kumsahau Leela ameona nusu.

Kuna kasoro ya tatu, nayo ni ya hoja yenyewe. Filamu imejengwa ili kuiangusha imani ya jaji kwamba damu ndiyo inayoamua. Vema. Lakini mwishoni Raj anakuwa mtoto wa nani? Wa jaji. Mzururaji tuliyempenda, kumbe alikuwa na nasaba bora tangu mwanzo. Rita aliyevunja kufu, kumbe hakuivunja. Wazee wetu wangeweza kutoka sinemani wakichekelea: "Hatukuwaambieni? Damu nzito." Ni kweli kwamba hoja yaweza kuokolewa kwa kusema kuwa mwana wa jaji aligeuka mwizi kwa sababu ya malezi na umaskini, na hivyo damu haikumlinda. Tunaikubali hoja hiyo nusu. Lakini nusu nyingine inamhusu Jagga. Huyu ndiye aliyehukumiwa bila kosa. Huyu ndiye mtoto wa jambazi wa kweli. Na filamu, badala ya kumtetea, inamfanya shetani, inampa kisu hata katika ile ndoto maarufu ya karibu dakika tisa yenye mawingu na miali ya moto, kisha inamwua kwa mkono wa Raj, na hakuna anayemlilia. Kwa Jagga, mtoto wa nyoka alibaki nyoka. Methali ilipandishwa kizimbani, ikatoka na hukumu ndogo.

Tena pana kichekesho ambacho watengenezaji hawakukikusudia, au labda walikikusudia. Anayecheza Jaji Raghunath ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj. Anayecheza Raj mtoto ni Shashi, ndugu yake. Na mzee anayeonekana akiwa hakimu mahakamani ni Basheshwarnath, babu yao. Filamu inayosema nasaba si kitu ilichezwa na vizazi vitatu vya nasaba moja.

Kuhusu mkufu hatutasema mengi. Raj anauiba ili ampe Rita siku yake ya kuzaliwa, na kumbe ni ule ule ulionunuliwa na jaji kwa ajili ya Rita. Vijana walijifunza hapo kwamba mpenzi haji mikono mitupu. Wangapi walikopa, wangapi waligusa fedha za tajiri wao dukani ili wanunue saa ya mkono au kanga za doti mbili, sisi hatukuwahesabu. Mkalimani wetu alikuwa mmoja wao, na ndiyo sababu aliondoka katika duka lile.

Waandishi wetu waliofuata walilijibu swali la Awara, kila mmoja kwa namna yake, ingawa hatusemi kwamba waliikusudia filamu hiyo. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi anaanzia pale pale penye barua: msichana anapata barua ya mvulana, na baba yake anampiga. Kitabu kizima kinafuata kutoka hapo, na uchungu wake ni kwamba binti aliyenyimwa kuyajua mapenzi kwa nuru aliyajua kwa giza. Kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa muda. Wakubwa waliogopa habari za Rosa kuliko walivyoiogopa fimbo ya Zakaria. Adam Shafi naye, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, anamtwaa msichana wa Kihindi, Yasmin, aliyeozwa kwa mzee Raza, akamtoa katika nyumba hiyo na kumkutanisha na Denge, Mswahili mwenye harakati za kupigania uhuru. Huyu ni Rita wa Unguja, na kwake kuvunja kufu si kwa mzaha, kwa sababu Denge hageuki mwishoni kuwa mtoto wa tajiri. Kwa hiyo twathubutu kusema kwamba katika jambo hili Adam Shafi ni hodari kuliko Abbas. Kitabu chake kimekwisha kuwa filamu, iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021, na walimu wanaoweza kuipata wanaweza kuionyesha karibu na Awara ili wanafunzi walinganishe.

Tumejaribu jambo kama hilo darasani, kidato cha tatu, wavulana na wasichana pamoja. Tuliionyesha Awara kwa vipande, katika vipindi vinne, na tulipofika ufukweni tuliisimamisha mara tu baada ya kofi, kabla ya wimbo. Tulitazamia wavulana wacheke. Walicheka wachache, kisha wakanyamaza, maana bila wimbo kofi huonekana kama lilivyo. Tuliwauliza waandike Rita angesema nini. Mmoja aliandika kwamba angerudi mjini kwa miguu. Mwingine, mvulana, aliandika kwamba angemwuliza Raj ni nani aliyemwita mshenzi kwanza. Jibu hilo tulilisoma mara mbili. Baada ya kufika mwisho, pale gerezani, Raj akiwa na kifungo cha miaka mitatu na Rita akiahidi kumngoja, tuliuliza kama kuna mwenye swali. Msichana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye kwa vipindi vyote vinne hakuwa amesema neno, alinyosha mkono akauliza siku Jagga alipohukumiwa wakili wake alikuwa nani.